Kimya Nyuma ya Tuta

Siku waliyoniaga, vijana wa uwanja wa shabaha walinipa chupa ya chai, kitenge kizito, na nafasi ya kusema maneno machache. Chupa na kitenge nilivipokea vizuri. Maneno hayakuja. Nikasema asante, nikaketi, na mkuu akatazama saa yake kwa furaha.

Tangu hapo maneno yamekuwa yakinijia yenyewe, moja moja, hasa asubuhi ninapokaa nyuma ya nyumba yangu hapa Nchelenge na kusikia kwa mbali bunduki za wanafunzi. Kwa umbali huu zinasikika kama mtu anayepigilia misumari ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Ninayaandika kwa Kiswahili, si kwa Kibemba tulichozungumza kazini, kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya mama yangu, aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa letu la Mweru, upande wa Pweto. Cha kuandika nilifundishwa na mwalimu wa parokia. Cha mdomoni nilikinyonya.

Mnaonifuata kazini mnaujua uwanja, lakini labda hamkuwahi kuutazama. Uko kando ya barabara ya Kabuta, kwenye ardhi inayoteremka kuelekea ziwa. Mpigaji hulala akiwa ameipa barabara kisogo. Mbele yake kuna nyasi zilizofyekwa, kisha shabaha, kisha tuta refu la udongo wa vichuguu. Nyuma ya tuta kuna mafunjo, na nyuma ya mafunjo ni maji mpaka Kongo. Aliyepachagua mahali pale, nadhani alipenda mandhari. Risasi inayoruka juu ya tuta haina pa kutua ila ziwani, na ziwani kuna watu. Hiyo ndiyo kazi ya afisa usalama, yote. Mengine ni kupiga filimbi.

Nilifika pale nikiwa konstebo kijana, na aliyenipokea alikuwa Ba Kapasa, sajini mzee mwenye mashavu yaliyobonyea. Alizungumza polepole na kwa sauti ya chini, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamekwisha kuliwa na bunduki miaka ile ambayo watu walijiziba kwa pamba, au hawakujiziba kabisa. Alisoma midomo. Ukimpa kisogo ukisema, umeongea na ukuta.

"Unaogopa bunduki?" aliniuliza.

"Hapana, mukwai," nilijibu, kwa adabu ya Kibemba.

"Basi rudi kituoni kwako."

Nilidhani ananitania. Hakutania, alikuwa ameshaanza kuondoka. Nikamkimbilia, nikasimama mbele yake ili aone mdomo wangu, nikasema kwamba naogopa kidogo.

"Kidogo inatosha kuanzia," alisema.

Siku hiyo sikugusa silaha. Alinishusha kwenye handaki la waonyesha shabaha, lile refu la zege chini ya tuta, nikakaa humo na mzee mmoja aliyekuwa akibandika karatasi kwenye matundu ya risasi kwa gundi ya unga wa muhogo. Juu yetu wakaanza kupiga. Mpaka leo sijui kuielezea sauti ile. Mlio wenyewe wa bunduki huja nyuma, mnene, umechelewa. Kinachotangulia ni kitu chembamba, kama kitenge kipya kinachopasuliwa na mwenye duka, kikipita juu ya utosi wako na kwenda zake. Nilitazama kipande cha anga kilichokuwa juu ya handaki. Kilikuwa cheupe, na ndege mmoja wa ziwa alikuwa amesimama ndani yake bila kupiga mabawa. Nikajiona kama niko chini ya maji, na huko juu kuna watu wanaoishi maisha mengine. Nilipotoka nilikuwa na udongo kwenye meno.

"Sasa unajua unachokizuia," Ba Kapasa alisema. "Mtu asiyewahi kukaa mle ndani, huyu anazuia hadithi tu."

Alinifundisha kupita uwanjani peku kila asubuhi kabla ya mazoezi, na kulipekua tuta kwa vidole. Alikuwa anatafuta mawe. Mvua huosha udongo, na jiwe lililojificha hujitokeza. Risasi ikiligonga, hugeuka na kwenda inakotaka. "Jiwe ni risasi ya pili," alisema, naye aliyaokota na kuyaweka mfukoni, mpaka suruali yake ikawa inashuka. Mkewe aliwahi kuniuliza kama mume wake anajenga nyumba mahali pengine.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Filimbi. Kijiti cha mbao cha kuingiza kwenye chemba ili kuhakikisha haina risasi, kwa kuwa jicho linadanganyika lakini kijiti hakijui kudanganywa. Na bendera nyekundu, moja kwenye mlingoti wa uwanja, nyingine kule kwenye rasi, ambako mlinzi wa ziwa husimama akitazama mitumbwi. Mlinzi akiinua yake, maji ni matupu. Akiishusha, kuna mtu. Bendera zenyewe zilikuwa taabu. Upepo wa Mweru hula kitambaa kama mbuzi. Nilishona nyingine kwa vitenge, na wakati fulani, kitambaa chekundu kilipokosekana sokoni, kwa joho kuukuu la kwaya ya kanisa letu. Kwa msimu mzima tulizuia mitumbwi kwa joho la sauti ya pili.

Ba Kapasa alipostaafu aliniachia filimbi yake, nami nikaanza kusimama nyuma ya mstari wa wapigaji peke yangu. Mwanafunzi wa kwanza kunitoa jasho alikuwa askari wa mbuga, kijana mkubwa wa mwili na mpole kama ng'ombe. Bunduki yake ilikwama. Badala ya kuinua mkono akiwa amelala pale pale, alisimama na kunigeukia, mdomo wa bunduki ukipita juu ya vichwa vya wenzake wote kama mtu anayefagia. "Bamayo, imekataa," alisema, akiniita mama kwa Kibemba. Niliruka, nikaushika mtutu, nikaurudisha kwenye tuta, na nikasikia sauti yangu ikisema, kwa utulivu nisioujua, "Mimi nina mume, kijana wangu. Tazama mbele." Wenzake walicheka. Yeye baadaye alikaa chini ya lori akalia, maana alikuwa ameelewa. Mpaka sasa tukikutana sokoni hunigeukia taratibu, mwili mzima, mikono wazi.

Lakini mtu akiniuliza ninakumbuka nini hasa, nitasema ni ule muda mfupi baada ya bendera kupanda na kabla ya risasi ya kwanza. Kila mtu amelala. Hakuna anayekohoa. Umande unafuka kwenye nyasi. Asubuhi za baridi, ukungu hulala juu ya ziwa, na kisiwa cha Kilwa huelea bila miguu, kama kitu kilichosahauliwa na usiku. Niliupenda muda huo kupita kiasi. Wakati mwingine niliurefusha kidogo, na walimu wakadhani ninakagua kitu.

Ilikuwa asubuhi ya namna hiyo, katika mwaka ule watu wa ng'ambo walipoanza kuvuka kwa wingi. Sote tulijua kwamba kuna vita upande wa pili. Mitumbwi ilikuwa ikifika kwenye fukwe zetu imejaa watu na magodoro, nao wakipelekwa kwenye kambi ya Kenani. Lakini kwetu, kwenye mafunjo nyuma ya tuta, hakuna mtumbwi uliowahi kufikia. Pale hakuna ufuo.

Mkuu wa kozi alikuwa Inspekta Mubita, Mlozi kutoka Mongu, mtu mrefu aliyekulia kwenye mafuriko ya Zambezi na kulidharau ziwa letu kidogo kwa sababu halitembei. Alikuwa na haraka. Wanafunzi wake walipaswa kumaliza mtihani kabla lori halijaja kuwachukua. Kule kwenye rasi alisimama Ba Chola, mvuvi tuliyemwajiri kuwa mlinzi wa ziwa. Aliinua bendera, niliiona vizuri, nikapiga filimbi, na kundi la kwanza likapiga.

Kundi la pili lilipolala, ukungu ulirudi. Ulikuja kutoka majini bila upepo, ukameza mafunjo, ukapanda juu ya tuta, na rasi ikapotea. Bendera ya Ba Chola ikapotea pamoja nayo. Nikainua mkono wangu.

"Kuna nini, Bana Mwape?" Inspekta aliuliza. Hivyo ndivyo walivyoniita, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza.

"Sioni bendera, mukwai."

"Ulikuwa unaiona sasa hivi."

"Sasa hivi imepita."

"Ziwa ni tupu. Nani atavua katika ukungu huu?"

"Sijui. Ndiyo maana sipigi filimbi."

Alikasirika, ila alijua sheria. Kwenye mstari, afisa usalama hasikilizi cheo. Akaanza kutembea huku na huko. Wanafunzi walibaki wamelala, mashavu juu ya bunduki, ukungu ukiwapita migongoni. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia maji yakidondoka kwenye majani.

Kisha jogoo akawika.

Hakuwika nyuma yetu, kwenye vijiji. Aliwika mbele, ng'ambo ya tuta, mahali ambapo hapana ardhi. Nilidhani nimesinzia. Nikamtazama Inspekta, naye alikuwa amesimama na mguu mmoja mbele ya mwingine, kama aliyepigwa picha. Jogoo akawika tena, na baada yake nikasikia mtoto akizibwa mdomo.

"Stopu," nilisema. Ni neno tulilochagua kwa sababu kila mtu uwanjani analijua, hata mpishi, na yeyote ana ruhusa ya kulitamka. Nililisema taratibu. "Toeni magazini. Fungueni chemba. Msiinuke."

Ninataka mnisikilize hapa kuliko mahali pengine. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kuvuka tuta. Miguu ilitaka kuufuata. Lakini nilipita kwa kila mwanafunzi, nikaingiza kijiti kwenye kila chemba, nikahakikisha bunduki zimelazwa na kila mtu amerudi nyuma ya mstari. Haraka ya huruma nayo ni haraka. Ndipo nikamwambia Inspekta kwamba ninakwenda.

"Hawatakuja," alisema kwa sauti ya chini. "Wametusikia. Wametoroka bunduki, wamevuka ziwa zima, wamekuta bunduki."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alivua koti la sare, akalikunja, akaliweka juu ya nyasi, akawaamuru wanafunzi wake wavue pia. Tulipanda tuta tukiwa na fulana kama watu wanaokwenda kuoga.

Kutoka juu ya tuta ukungu ulionekana kama pamba iliyotandazwa. Ndani yake kulikuwa na vivuli, mitumbwi mitatu au zaidi, imesongamana kwenye ukingo wa mafunjo. Watu walikuwa wamejilaza ndani yake, wakubwa juu ya watoto. Mtumbwi mmoja ulikuwa umeanza kugeuka kurudi ziwani, umejaa mno, maji yakilamba ukingo wake. Nilijua ukifika kwenye kina na upepo ukaamka, hautafika popote.

Nikavua buti, nikashuka, nikaingia majini mpaka kifuani, mikono juu. Nikaita kwa Kiswahili cha mama yangu, ambacho 'ndiyo' yake ni 'njo'.

"Bamama, babaa, musirudi. Hapa hapana vita."

Kafi la ule mtumbwi uliokuwa ukigeuka lilisimama.

"Tumesikia masasi," sauti ya mwanamke ilisema hatimaye; ndivyo wanavyoziita risasi. "Munatupiga juu ya nini?"

"Hatuwapigi, mama. Njo masomo. Batu banajifunza, banapiga karatasi. Tumeacha. Muko mu Zambia."

"Hata kule balisema hapana vita."

Maji yalikuwa baridi, na mizizi ya mafunjo ilikuwa ikinishika miguu. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja, kwamba mama yangu ni wa Pweto, kwamba alivuka akiwa msichana kwenye bwato, yaani mtumbwi, kama ule wao, na kwamba aliwahi kuniambia maji haya hayana mwenyewe.

"Mama yako njo nani?" ile sauti iliuliza.

Nikamtaja mama, na baba yake, na kijiji chao. Ndani ya mtumbwi nilisikia wakinong'onezana, jina la babu yangu likipita kutoka mdomo hadi mdomo, kama mtoto anayepokezwa.

"Babu yako alikuwaka mufuaji wa majembe?"

"Njo yeye."

Mwanamke akainuka. Alikuwa mtu mzima, amejifunga kitenge kifuani, na kwapani alikuwa amembana jogoo mwekundu. Nilikuja kumjua baadaye kwa jina la Mama Kyungu. "Sawa," alisema. "Tunakuya. Lakini mwanangu hayuko. Ilunga. Masasi ilipolia, aliruka mu mayi kuvuta bwato kwa kamba. Kamba imerudi, yeye hakurudi."

Tuliivuta mitumbwi mpaka chini ya tuta, wanafunzi wakabeba watoto na magodoro. Mama Kyungu hakutoka. Alisema atashuka mtoto wake akionekana. Ba Chola alikuwa amefika na mtumbwi wake kutoka kwenye rasi. Alisema hakuwaona wakipita, ukungu ulikuwa umemfunika kabla yetu. Akatuonya kuhusu mamba, kwa adabu, kama mtu anayetaja jirani mkorofi.

Inspekta Mubita akasema yeye ataingia. Alituambia tukae kimya, tusiite, kwa sababu mtu aliyejificha akisikia wengi huzama zaidi. Kwao Mongu alikuwa amewatafuta watu kwenye matete tangu akiwa mdogo. Akajitosa kwenye mafunjo, akayatenganisha kwa mikono miwili bila kuyavunja, nayo yakajifunga nyuma yake.

Tulingoja. Ukungu ulianza kuwa na rangi ya dhahabu kwa ndani. Mama Kyungu alikuwa akimpapasa jogoo manyoya bila kumtazama. Nilisimama karibu na mtumbwi wake, maji yakinifika kiunoni, na sikuthubutu kumshika mkono.

Kisha tukamsikia Inspekta akiimba. Ulikuwa wimbo wa kanisani, ule unaoimbwa kila mahali, naye aliuimba kwa Kilozi, kwa sauti mbaya kwa kweli, polepole, akitulia mwisho wa kila mstari. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa amemkuta kijana amesimama majini mpaka kidevuni, amekumbatia fungu la mafunjo, macho yametoka. Akimkaribia, anarudi nyuma kwenye kina. Hakujua Kiswahili hata neno. Hakuwa na kitu kingine.

Aliimba ubeti mmoja, akaanza wa pili. Mama Kyungu aliacha kumpapasa jogoo. Chini ya sauti ile mbaya ilikuwa imeingia sauti nyingine, nyembamba, inayotetemeka kwa baridi, ikiimba wimbo ule ule kwa maneno mengine. Zilikwenda pamoja, zikija kwetu, na mafunjo yakitikisika mahali zilipopita.

Mama Kyungu alinipa jogoo nimshike, akashuka majini.

Waliondoka mchana ule kwenda Kenani. Mtihani wa kupiga shabaha uliahirishwa, na lori lilipokuja dereva alitukuta tumelowa na hatuna sare. Alituuliza tulikuwa tunabatiza nani. Inspekta Mubita alibaki kwetu kuliko alivyopangiwa. Aliwapa wanafunzi majembe badala ya bunduki, wakaliinua tuta. Mimi na Ba Chola tulizunguka kwenye vituo vya mitumbwi, tukiwaambia wachuuzi wa samaki wanaovuka kwenda Kongo siku zipi tutapiga, ili wazitangaze kwa Kiswahili hata huko. Tangu hapo pia hupigwa ngoma kabla ya bendera kupanda. Mnaipiga bila kujua ilikotoka, sasa mnajua.

Nilimtembelea Mama Kyungu baadaye, walipopewa mashamba. Ilunga alikuwa ameoa, na alikuwa akilima mihogo mbali na maji. Nikauliza habari za jogoo.

"Tulimukula Noeli," Mama Kyungu alisema.

"Alikuwa mutamu?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Alikuwa mugumu."

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri na haina hadithi, na hiyo ndiyo sifa pekee ninayoitaka kwa miaka ya uwanja wa shabaha. Nilikabidhi filimbi, nikarudi nyumbani, nikajifunza kulala mpaka jua linapotoka.

Juzi nilipanda mtumbwi wa abiria kwenda kisiwani Kilwa kumtembelea binti yangu. Tulijaa, na mwenye injini alikata kona ili kuokoa mafuta, akatupitisha karibu mno na mafunjo. Sikuwahi kuuona uwanja wetu kutoka upande ule nikiwa safarini kama mtu yeyote. Tuta lilikuwa kitu kidogo cha kahawia. Bunduki zilikuwa zikilia nyuma yake, na kutoka majini zilisikika nzito, karibu. Nikatafuta bendera kwenye rasi. Niliiona ikishuka kwa ajili yetu.

Bunduki zikanyamaza. Zilikatika zote kwa pamoja, kama mtu aliyeweka kiganja juu ya ngoma. Sijui ni nani kati yenu aliyekuwa kwenye mstari siku hiyo. Nilikaa na mikono mapajani, na kile kimya kikatujia juu ya maji, kikatufunika sote.

Hakuna aliyekitambua. Wanawake wawili walikuwa wakibishana kama nyanya za Kashikishi zinaoza haraka kuliko za Kabuta. Mwenye injini alikuwa akipiga mluzi. Msichana aliyekaa mbele yangu alimenya karanga, akanigawia kidogo, akarudi kwenye hadithi aliyokuwa akiwasimulia wenzake, na mtumbwi ukaendelea.